Gari Linalodhani Liko Nagoya

Magari mengi yanayopanda kilima cha Rwamishenye, hapa Bukoba, yalitengenezwa Japani, na mengine hayajakubali kwamba yameondoka huko. Dereva anawasha, na kabla injini haijatulia sauti ya mwanamke inatoka kwenye dashibodi, laini, yenye adabu, inasema jambo kwa Kijapani. Abiria hawaitikii. Jamaa mmoja aliyesoma huko aliniambia kwamba mara nyingi yule mama analalamika tu kuwa kadi ya kulipia barabara haijachomekwa. Sisi wengine tulidhani anatusalimu. Kwenye skrini kuna ramani, na ramani yenyewe ni ya mitaa ya Nagoya. Gari limeshushwa bandarini Dar es Salaam, limepita Morogoro, Dodoma, Singida, Nzega, Kahama na Biharamulo, limekula vumbi na mvua kwa kilomita kama 1,400, limefika huku ambako kahawa inaanikwa mbele ya nyumba na ukungu wa ziwa hauondoki mpaka saa tatu, na mshale wake mwekundu bado umesimama kwenye njia panda ya mji ambao dereva hataufikia maisha yake yote. Wenyeji wamezoea. Wengine wamefunika skrini kwa kitambaa cha kufumwa, wengine wamebandika picha ya Bikira Maria. Mimi bado naitazama kila nipandapo, maana ni nadra kukuta chombo kilichokosea kwa uhakika mkubwa namna ile.

Mpwa wangu amenunua gari la aina hiyo. Dada yangu alimzaa na kumlea Tabata, Dar es Salaam, kwa hiyo Bukoba ameijua kwa misiba na kwa Krismasi, akiwa kiti cha nyuma, nusu ya safari amelala. Sasa amepangiwa kazi ya ugani Muleba, kahawa na migomba, na kazi hiyo haifanyiki mezani. Asubuhi atatakiwa Kamachumu, mchana Rubya, kabla ya jua kuzama Nshamba, na katikati ya majina hayo kuna njia ambazo hata sisi tuliozaliwa huku tunazijua vipande vipande, kila mtu kipande cha ukoo wake. Mjomba hafiki mikono mitupu. Nikaona nimnunulie kile kifaa kidogo cha kubandika kwenye kioo cha mbele, kinachosikiliza setilaiti na kukwambia kata kulia, kata kushoto. Nilipomweleza dada yangu kwenye simu alicheka mpaka akakohoa. "Kaka, mtoto ana simu ya laki nane, wewe unampelekea kioo kingine?"

Hoja yake nzito. Simu ya siku hizi inasikiliza setilaiti zilezile, na ukishapakua ramani mapema inakuongoza hata bando likiisha. Lakini simu ina mabwana wengi. Katikati ya kona za kushuka kuelekea Muhutwe inalia, ni mkuu wa idara. Ramani inajificha, sura ya mkuu inatokea. Inapata joto juani na kujizima. Ukishuka unaondoka nayo, ukirudi umeshasahau ulikuwa umefungua nini. Kuna heshima fulani katika kitu kinachofanya kazi moja: jembe, kalamu, kibuyu cha kupimia rubisi, pombe yetu ya ndizi. Na zawadi yenyewe ina kanuni zake. Fedha anayo, simu anayo. Alichokikosa ni mtu wa kukaa naye mbele akimwambia hapa punguza mwendo, hapa pana utelezi, hapa ndipo kwa babu yako mdogo. Siwezi kukaa kwenye kiti hicho kila siku. Ndiyo maana nikaanza kutafuta kitakachokaa badala yangu, na hapo ndipo shughuli ilipoanza.

Vifaa hivi havizaliwi vikijua dunia nzima. Kinachonunuliwa London huja kimejaa Ulaya, kila kichochoro cha Birmingham kimo. Cha Dubai huja na Ghuba. Kikifika hapa huwasha bila matata, hupata setilaiti upesi kuliko huko kwao kwa kuwa hatuna maghorofa ya kuziba anga, kisha hukuonesha ulipo: mshale juu ya weupe. Nilikiona cha jamaa yangu aliyeletewa na ndugu kutoka Uingereza. Tulikuwa tunapita Kemondo, ziwa likiwa kando yetu, na kwenye kioo cha inchi tatu gari letu lilikuwa linaelea kwenye karatasi tupu, na mstari mwembamba wa buluu ukikatiza. Baadaye mstari ule ulituhamia, na kwa mwendo wa dakika kadhaa tulisafiri majini. Jamaa alicheka, lakini alizima. Hakuna apendaye kuoneshwa kwamba anapoishi hapajachorwa, tena na kitu alichopewa kwa mapenzi. Kwa hiyo ukitaka kununua, swali la kwanza kwa muuzaji liwe ramani ya wapi imo humo ndani, na kama mtu anaweza kuongeza nyingine kwa memori kadi. Ukubwa wa kioo, rangi, sauti ya kike au ya kiume, hayo baadaye. Msafiri wa magari makubwa ya kusini mwa Afrika anaijua Tracks4Africa, ramani iliyokusanywa kutokana na nyayo za wasafiri wenyewe, inayoingia kwenye vifaa vya Garmin. Ipo pia OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambamo mtu yeyote huchora njia ya kwao na mwingine yeyote huichukua bure.

Huko juu, kwa upande wake, hakuna upendeleo. Setilaiti za GPS ni thelathini na kitu, zinazunguka kimo cha kilomita 20,200, na kila moja kazi yake ni kutangaza saa. Kifaa chako hakiziombi kitu wala hakiziambii kilipo. Kinategea tu sikio, kikizisikia nne kinapiga hesabu ya nani kachelewa kiasi gani, na kutokana na kuchelewa huko kinajua umbali. Sehemu moja ya milioni ya sekunde ikikosewa, tayari ni mita 300, umeshaingia kibanja cha mtu mwingine na huenda umeshavuka mpaka wa kata. Mfumo huu unaendeshwa na jeshi la Marekani, na kwa miaka mingi jeshi hilo liliuchafua makusudi kwa raia, likaweka kosa la hadi mita 100 hivi, mpaka Rais Bill Clinton alipoagiza uchafuzi ukome Mei mwaka 2000. Mita 100 kwenye barabara kuu ya Ulaya si neno. Kwenye kijiji cha Kihaya, ambako migomba ya huyu imekumbatiana na ya yule na jirani hakuoni bali hukusikia, mita 100 ni ukoo tofauti.

Setilaiti ya kwanza ya mfumo huo ilirushwa Februari 1978. Mwaka huohuo, Oktoba, majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia kwetu kutokea Mutukula, yakafika mto Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa kwa baruti, na Amin akatangaza kwamba mto ndio mpaka. Alikuwa na ramani kichwani, kama wote waliomtangulia. Ukitoka Bukoba na kifaa hiki mkononi, ukakiamuru kionyeshe namba badala ya barabara, kitasoma nyuzi moja na dakika 20 kusini mwa Ikweta. Panda kaskazini, vuka mto pale Kyaka, namba zinapungua taratibu, dakika 15, dakika 10, dakika 5, na unapofika kwenye foleni ya malori Mutukula inakaribia kabisa nyuzi moja kamili. Si ajabu ya maumbile. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wajerumani waliafikiana kugawana nchi hizi, wakachukua rula wakapiga mstari kwenye latitudo ya nyuzi moja kusini, bila kuuona mto wala kuwauliza waliokuwa wakiishi pande zake. Miezi michache baadaye Emin Pasha akaja kujenga boma la Wajerumani hapa Bukoba. Kipande cha ardhi kilichobaki kati ya mto na mstari ndicho kilichochomwa nyumba na kuporwa ng'ombe miaka 88 baadaye, na mkoa uliokuwa ukiitwa Ziwa Magharibi ukatoka vitani na jina la mto. Rula ile iliwaumiza bibi zetu. Ndiyo maana mtu wa Kagera akiambiwa kwamba ramani ni picha tu ya nchi ilivyo, ana haki ya kukunja uso.

Na kabla ya rula palikuwa na mashua. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka Ziwa Victoria zima kwa mashua yake, Lady Alice, akathibitisha kwamba ni ziwa moja kubwa, jambo lililokuwa likibishaniwa Ulaya tangu msafiri Mwingereza Speke alipolifikia. Alikuwa na vyombo vyake vya kupimia jua, na mchoro wake ulikuwa bora kuliko yote iliyoutangulia. Mwezi Aprili alitia nanga Bumbire, kisiwa ambacho leo kimo wilaya ya Muleba, akitaka chakula. Hakujua aseme nini kwa nani, wenyeji wakamnyang'anya makasia, akaponea chupuchupu. Agosti alirudi na mitumbwi na bunduki, akawapiga risasi watu waliosimama ufukweni, kisha akayaandika mwenyewe kwa ajili ya magazeti yaliyomtuma. Kisiwa alikuwa amekipata pale alipokiandika. Kwa upande huo hakukosea hata kidogo. Ninapofikiria watu waliofaulu kupita nchi hizi bila damu nawakumbuka wale wasio na vyombo: Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyechukuliwa utumwani akiwa mtoto, ndiye aliyekuwa mdomo na masikio ya Speke walipopokewa na Mfalme Rumanyika huko Karagwe mwishoni mwa 1861. Aliyeshika dira ndiye aliyepewa ziwa alibatize.

Haya, turudi kwenye kioo cha mbele. Uliza njia Muleba uone. Utamkuta mzee kando ya ghala la chama cha msingi, utasimamisha gari, na kosa lako la kwanza litakuwa kuuliza kabla ya kuamkia. Ukishaamkia hakupi njia. Anakuuliza wewe ni wa nani. Unataja baba, anataka babu. Unataja babu, anatoka kwenye kigogo chake, anashika mlango wa gari. Ndipo njia inapokuja, nayo haina kushoto wala kulia: pita parokia usikate, shuka mpaka uyasikie maji, panda upande wa mkuyu, rweya, yaani nyika ya nyasi, ikianza uone migomba ng'ambo, hapo ni kwa marehemu mwalimu, vijana watakuonesha. "Hapo tu, waitu," na hapo tu huweza kuwa saa nzima. Kama una bahati unaondoka na kahawa ya kutafuna iliyofungwa kwenye jani, na habari kwamba shangazi yako mmoja anaumwa mgongo. Kuuliza si ujinga, walisema wahenga, na huku kwetu kuuliza pia ni kuingia ndani ya nyumba kabla hujafika mlangoni.

Ningependa kuishia hapo, kwa sifa za mzee na lawama kwa mashine, na wengi wamezoea kuishia hapo. Lakini mpwa wangu ni msichana wa miaka ishirini na kitu. Saa mbili usiku, mvua ya Novemba ikipiga, kusimamisha gari kwenye kijiwe cha wasiomjua na kushusha kioo ni kutangaza kwamba yuko peke yake na hajui alipo. Wanaume tunaosifu uzuri wa kuuliza njia tumesahau nani anaulizwa nini akishauliza. Tena alama za mzee zinakufa. Tetemeko la Septemba 2016 liliangusha nyumba nyingi ambazo watu walikuwa wakielekezana kwazo, na kwa muda tukawa tunasema "pale ilipokuwa nyumba ya fulani", maelekezo ambayo mgeni hana pa kuyashikia. Mnyauko wa migomba nao umefyeka vibanja vilivyokuwa vyeusi kwa kivuli. Unapita ukidhani umepotea, kumbe mahali ni palepale, ila sasa jua linafika chini. Ile operesheni ya anwani za makazi ya mwaka 2022, kabla ya sensa, ilituletea vibao vya majina ya barabara hadi vijijini, namba hadi kwenye malango. Wazee wengine hawajui bado wanaishi barabara gani. Wajukuu wanajua. Mgonjwa akizidiwa usiku na gari la hospitali likatakiwa, sitamcheka mtu mwenye namba.

Kwa hiyo nimeamua kununua, na nimeamua kwamba kutoa kifaa kitupu ni kutoa sanduku. Kitakuwa na kioo cha wastani, kisizibe barabara, maana kona za kupanda Kamachumu zinataka macho yote mawili. Kitakuwa na waya mrefu wa kufika kwenye tundu la kiberiti cha sigara, kwa sababu betri za vifaa hivi hazimalizi hata nusu siku. Kitakubali memori kadi yenye ramani ya Afrika Mashariki, na kiwe kinajua kwamba akivuka Rusumo kuingia Rwanda anatakiwa kuhamia upande wa kulia wa barabara, kwa kuwa huko hakuna atakayemhurumia. Sauti itakuwa ya Kiingereza, hiyo haina dawa. Nimekwisha kuisikia ikijaribu kutamka Rwamishenye, ni kama mtu anayetafuna senene kwa mara ya kwanza. Lakini kubwa zaidi kiwe kinaruhusu mwenye nacho aweke alama zake, na kiwe kinahifadhi njia iliyopitwa. Nitakizungusha mwenyewe kabla ya kumpa. Nitakwenda nacho ile njia ya Muhutwe, Kamachumu mpaka Muleba, kisha nirudi kwa Izigo, polepole, nikibonyeza.

Nitabonyeza chemchemi ambayo haijawahi kukauka hata kiangazi cha mwisho wa Agosti. Nitabonyeza duka la mama anayeuza dizeli kwa madumu usiku, na fundi wa Nshamba asiyepandisha bei akiona mgeni. Mahali panapoteleza baada ya mvua hata kama juu pamekauka. Nyumba ya shangazi mwenye mgongo. Lile tuta ambalo Novemba na Desemba watu hujaa barabarani na taa na ndoo wakikamata senene, na dereva asiyejua hulikuta kundi zima ghafla mbele ya bampa. Ghala la kahawa ambalo mwenyekiti wake ni rafiki, na lile jingine ambalo asiende bila barua. Hakuna setilaiti inayoyajua haya, wala Mjerumani, wala kijana wa kujitolea anayechora paa za nyumba kutoka kwenye picha za angani. Kila mchora ramani alichora alichokuwa anakitaka: Stanley alitaka ufuko, wenye rula walitaka mstari, kampuni za ramani zinataka barabara zenye wanunuzi. Mimi namtaka binti huyu awe na pa kunywa chai. Ramani yangu nayo itakuwa na upendeleo, na sioni sababu ya kuificha: kuna nyumba moja ya ukoo ambayo sitaiweka, kwa mambo ya urithi, na dada yangu ataelewa akiona haipo.

Limebaki moja ambalo limetugawa. Kifaa hiki kina kitufe chenye picha ya nyumba. Unakijaza mara moja, na tangu hapo ukikibonyeza popote ulipo kinakupeleka huko. Nafasi ni moja. Mimi nilitaka kuweka kibanja cha baba yetu, ambako kitovu cha dada yangu kimezikwa na ambako, Mungu atucheleweshe, sote tutarudishwa. Dada yangu anasema mtoto anarudi kwenye chumba alichopanga Muleba mjini kila jioni, na mtu aliyechoka akibonyeza nyumbani asipelekwe makaburini. Bibi mdogo, aliyesikia mabishano hayo kwenye spika ya simu, aliuliza kwa nini mashine isiwekewe hapo kwake, maana yeye ndiye anayepika. Na shemeji yangu, Mzaramo wa watu, ambaye siku zote hunyamaza sisi Wahaya tukianza, alisema kama ni nyumbani basi tuandike Kibaha, ndiko alikonunua kiwanja.